Wajina

Machi, Hombolo. Kreti mia mbili za zabibu
zimepangwa kivulini, na kivuli kinasogea.
Mzani unapima. Kompyuta inajua kilo.
Risiti haitoki.

Mama Mbeleje amekalia kreti yake ya kumi na moja,
anapunga nyuki kwa kadi ya uanachama.
"Kijana, mashine nayo imefunga Kwaresima?"
Nacheka. Jasho halicheki.

Maana najua nilichofanya jana usiku.

Jana nilimleta Chatu mpya.
Yule wa zamani, aliyekuja na mfumo, nilimwona mzito,
hajui kuchora grafu ya sukari
niliyotaka kuwatambia wajumbe wa bodi.
Nikaingia kwa cheo cha mzizi, cheo kisichoulizwa swali,
nikamshusha mgeni ndani ya /usr/local,
nikampa jina lile lile la mwenyeji.
Grafu ikachoreka, nyekundu na zambarau.
Nikalala fofofo.

Sikukumbuka kwamba njia ina mpangilio:
mashine ikiita jina, hubisha kwanza mlango wa karibu.

Kwetu Handali babu aliitwa Ndahani,
nami nikapewa jina lake angali hai.
Mtu akifika uani akaita "Ndahani!"
mimi ndiye wa kwanza kutoka mbio, pua inavuja,
naitikia wito wa mnada, wa msiba, wa deni la ng'ombe.
Siku moja nilimkubalia mtu mbuzi wawili
kwa kuwa aliomba vizuri.
Babu, ndani, bado anatafuta fimbo yake.
Bibi ndiye aliyekomesha:
"Anayemtaka mkubwa aseme Ndahani wa Chiteme.
Asiyesema, asilaumu akiitikiwa na makamasi."

Napiga simu. Foibe yuko mjini, Kisasa, analinda seva za watu.
Sijamaliza salamu, ananiwahi:
"Uliweka kitu kwa cheo cha mzizi?"
Kimya changu kina sauti ya feni.
"Usifute. Wa zamani hasa usimguse;
ukimtoa yeye, hata kifaa cha kumrudishia
kitakufa naye.
Uliza kwanza, jina hilo wanaliitikia wangapi."

Nauliza. Wanaitikia wawili.
/usr/local/bin, halafu /usr/bin.
Mdogo mbele, pua inavuja.

Programu ya risiti ilimwita Chatu, Chatu tu,
akaja huyu asiyejua printa inakaa wapi.
Kisasishi nacho kikaita usiku wa manane,
akaja huyo huyo,
akasimama mlangoni akikubali mbuzi.

Namvua jina, simvui uhai.
Namjengea banda lake pembeni, lenye mlango wake,
maktaba zake, sufuria zake, uchafu wake.
Atachora grafu zake humo,
akiitwa kwa njia nzima, mpaka kizingitini.
Na kwenye mstari wa kwanza wa programu ya risiti
naandika jina la mkubwa pamoja na ukoo,
polepole, herufi kwa herufi,
kama mtoto anayeandika jina la babu yake
juu ya msalaba wa mbao.

Saa nane na robo printa inatoa ulimi.
Mama Mbeleje anasoma kilo, anazisoma tena,
anaikunja karatasi ndani ya pindo la kitenge.
"Kumbe imefungua," anasema,
na kumsukuma mwenzake mbele kwa kiwiko.

Foleni inatembea. Nyuki wanaifuata.
Kivuli kimeshavuka ukuta, kimekwenda zake.
Chini ya kreti ya mwisho zabibu zimeanza kutoa maji,
yananyonywa na vumbi kabla hayajafika mlangoni.
Hilo grafu yangu haitalionyesha.